Chakula Kwanza, Jina Baadaye

Somo la mwezi kwa familia na vikundi vya nyumbani: mgeni kwa Wayunani wa kale na mgeni katika Injili



Mwezi huu tunajifunza juu ya mgeni. Tutapita kwanza kwa Wayunani wa kale, kwa sababu Agano Jipya liliandikwa kwa lugha yao, na wengi waliolisoma mara ya kwanza walikulia katika desturi zao. Asiyejua jinsi Wayunani walivyomtazama mgeni atasoma Matendo ya Mitume sura ya 14 kama kichekesho tu. Kabla ya kuendelea, kila nyumba ifungue Biblia na kusoma Matendo 14:8-20, Waebrania 13:1-2 na 1 Petro 2:11-12.

Nianze kwa kujishitaki mwenyewe. Usiku mmoja wa mvua ya Aprili, hapa Kigali, mtu alibisha mlango wetu akiwa na watoto wawili. Alikuwa ameelekezwa kwa mchungaji. Nilisimama mlangoni nikaanza kumwuliza: Umetoka wapi? Upande gani wa huko? Nyumbani mnasema lugha gani? Hapa nani anakujua? Sauti yangu ilikuwa ya upole, lakini yeye na mimi tulijua vizuri nilichokuwa natafuta. Nilitaka kujua ni wa kwetu au si wa kwetu. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka nguo za watoto. Mke wangu alitoka jikoni, akanipita, akawaweka watoto wakae, akawapa uji. Kisha akaniambia polepole, "Baba, maswali yako uyaulize yote, lakini watoto wakae kwanza."

Niliona haya. Usiku ule nilikumbuka jambo nililofundishwa katika chuo cha Biblia miaka mingi iliyopita, nikaliandika kwenye daftari bila kulielewa. Ndilo somo letu la leo.

1. Desturi ya Wayunani: mgeni ale kwanza

Nchi ya Wayunani ni ya milima, visiwa na bahari. Hapakuwa na hoteli tunazozijua leo, wala polisi wa barabarani, wala ubalozi. Msafiri aliyefika jioni katika kijiji asichokijua alikuwa na tumaini moja tu: mlango wa mtu. Kwa hiyo Wayunani waliweka desturi nzito sana. Mgeni akifika, anakaribishwa ndani, anapewa maji ya kunawa, anawekewa chakula. Mara nyingi chakula chenyewe kilikuwa unga wa shayiri uliokandwa kwa maji, walioita maza, pamoja na zeituni, jibini, tini au samaki kidogo, na divai iliyochanganywa na maji. Unga wa kukandwa na kitoweo pembeni: mama zetu wanaosonga bugali na kupika sombe hawangepotea katika jiko lile.

Mgeni akishakula na kushiba, ndipo mwenye nyumba humwuliza: Wewe ni nani, na umetoka wapi?

Neno lao kwa mgeni lilikuwa ksenos. Neno hilohilo moja lilikuwa na maana ya mtu asiyejulikana, na mgeni wa nyumbani, na hata mwenyeji anayempokea mgeni. Waliona kwamba watu hao wawili wamefungwa kwa kamba moja. Na kamba hiyo haikukatika asubuhi mgeni alipoondoka. Wengine walivunja kitu kidogo vipande viwili, kila mmoja akaweka kipande chake, ili siku moja hata wajukuu wao wakikutana waviunganishe na kujua kwamba nyumba zao ni marafiki. Homer, mshairi wao mkubwa ambaye mashairi yake ni ya karibu miaka 700 kabla ya Kristo, anasimulia juu ya askari wawili wa majeshi yanayopigana, Glaucus na Diomedes. Walipokuwa tayari kuuana waligundua kwamba babu ya mmoja aliwahi kumpokea babu ya mwingine nyumbani kwake. Wakashuka, wakashikana mikono, wakabadilishana silaha, wakakataa kupigana. Wazee wetu wa maziwa makuu wataelewa haraka, kwa maana hapa Rwanda pia zamani kulikuwa na kunywana, agano la damu lililowafanya watu wa koo mbili kuwa ndugu.

2. Zimwi liliuliza jina kwanza

Katika shairi lingine la Homer, liitwalo Odyssey, tunasoma habari za mtu mmoja, Odysseus, aliyekaa vitani miaka kumi na kuhangaika njiani miaka kumi mingine akitafuta kurudi kwao. Alipoteza merikebu zote na wenzake wote. Ninyi mnaojua njia ndefu mtamwelewa bila maelezo.

Tazameni jinsi alivyopokewa. Katika kisiwa kimoja mfalme aitwaye Alcinous alimpa kiti, chakula, nguo na hata michezo ya kumburudisha, na ndipo baadaye sana akamwuliza jina lake. Lakini Odysseus alipoingia katika pango la Polyphemus, zimwi lenye jicho moja, zimwi lile liliuliza kwanza: Ninyi ni nani, mmetoka wapi, ni wafanyabiashara au wanyang'anyi? Halikuwapa hata maji. Likawakamata wawili miongoni mwao likawala.

Ndugu zangu, Homer alijua alichokuwa anafanya. Mwenye utu hulisha kisha huuliza. Zimwi huuliza kisha hula. Mimi mchungaji, usiku ule wa mvua, nilikuwa nimesimama upande wa zimwi.

Mwishoni Odysseus alifika kwao akiwa amevaa matambara kama ombaomba. Hakuna aliyemtambua. Aliyempokea wa kwanza alikuwa mtumwa, mchunga nguruwe aitwaye Eumaeus. Alifukuza mbwa, akamtandikia vijiti na ngozi ya mbuzi akae, akachinja watoto wawili wa nguruwe, kwa sababu wale wanono walikuwa wakiliwa na wakubwa. Odysseus alipokwisha kula, ndipo akaulizwa habari zake. Baadaye Eumaeus naye anasimulia yake: alizaliwa mtoto wa mfalme katika kisiwa cha mbali, akaibwa akiwa mdogo, akauzwa ugenini. Basi aliyempokea mgeni vizuri ni yule ambaye mwenyewe alijua ugeni ni nini. Someni Kutoka 23:9, mtaona kwamba Mungu aliwapa Waisraeli sababu hiyohiyo: mnaujua moyo wa mgeni, kwa maana mlikuwa wageni Misri.

3. Kwa nini watu wa Listra walileta ng'ombe?

Hatusimulii habari za miungu ya Wayunani ili tuiheshimu. Tunataka kuelewa hofu iliyokuwa ndani ya watu. Wayunani waliamini kwamba Zeu, mungu wao mkubwa, ndiye mlinzi wa wageni, na kwamba humwadhibu anayemdhulumu mgeni. Tena waliamini kwamba miungu huvaa sura ya watu maskini na kupita nyumba kwa nyumba ili kuwajaribu wanadamu.

Hadithi moja ya namna hiyo iliandikwa na Ovid, mshairi wa Roma, miaka michache baada ya kuzaliwa Kristo. Anasema Zeu na Herme walipita katika nchi ya Frigia wakiomba mahali pa kulala. Nyumba elfu zikafunga milango. Mwishoni wazee wawili maskini, Philemon na mkewe Baucis, wakawafungulia. Meza yao ilikuwa na mguu mmoja mfupi, bibi akaweka kigae chini yake isiyumbe. Wakaleta mboga, mayai, kipande cha nyama kilichokuwa kimetunzwa muda mrefu, na divai. Wakaona divai haipungui chomboni, wakaogopa. Nchi yote ikafunikwa na maji, isipokuwa nyumba yao. Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa fungueni ramani nyuma ya Biblia zenu. Frigia na Likaonia, ambako mji wa Listra ulikuwa, ni majirani. Na katika nchi ile yamepatikana mawe yenye maandishi yanayowataja Zeu na Herme pamoja. Paulo na Barnaba walipofika Listra karibu mwaka 47 au 48 B.K., na kiwete akasimama, watu walisema nini? Barnaba ni Zeu, Paulo ni Herme! Kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua. Si ajabu. Watu wa nchi iliyokuwa na hadithi kama hizo hawangetaka kufunga mlango wakati miungu inapita.

4. Paulo alikataa kuwa mungu

Hapa ndipo Injili inapotengana na desturi ya Wayunani. Paulo na Barnaba walirarua mavazi yao wakakimbilia katikati ya watu. Walisema wao ni wanadamu tu. Neno lililotumika kwa Kiyunani katika Matendo 14:15 ni homoiopatheis, maana yake watu wenye kuhisi na kuumia kama ninyi.

Fikirini. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Walikuwa wageni, hawana ndugu pale, na ghafla mji mzima unawaheshimu. Lakini heshima ile ilikuwa na hatari ndani yake. Watu wa Listra walimheshimu mgeni kwa sababu walidhani ni mungu. Walipoambiwa ni mtu tu, hawakujua tena la kufanya naye. Katika mstari wa 19 watu wanakuja kutoka Antiokia na Ikonio, wanaushawishi umati, na Paulo anapigwa mawe na kuburutwa nje ya mji. Asubuhi mungu, jioni takataka!

Sisi wakimbizi tunayajua yote mawili. Kuna wanaotutazama kama watakatifu kwa sababu tumeteseka, na kuna wanaotutazama kama wezi kabla hatujafungua kinywa. Jibu la Paulo linafaa kwa wote wawili: sisi ni watu kama ninyi, tunaumia, tunacheka, tunakosea, tunahitaji kula. Mgeni hahitaji kuwa malaika ndipo astahili kikombe cha uji. Inatosha kwamba ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Waebrania 13:2 inasema kweli kwamba wengine waliwakaribisha malaika. Lakini angalia neno: bila kujua. Abrahamu hakuwapikia wale watatu kwa sababu aliwatambua. Alipika kwanza. Na katika Mathayo 25:35 Bwana Yesu anasema yeye ndiye mgeni aliyepokewa, nao wenye haki wanashangaa, kwa kuwa hawakumtambua. Walilisha mtu tu, kumbe ni Bwana.

5. Athene: mji uliouliza jina kwanza

Isije mkadhani Wayunani wote waliishi kama Eumaeus. Nyumba zilikuwa na desturi, lakini miji ilikuwa na sheria. Mwaka 451 K.K., kiongozi wa Athene aitwaye Pericles alipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni Waathene. Wageni waliohamia pale waliitwa metoiko, wakaaji. Walilipa kodi ya ukaaji, drakma 12 kwa mwaka kwa mwanamume, na 6 kwa mwanamke aliyejitegemea. Drakma moja ilikuwa karibu ujira wa siku moja wa fundi. Walipaswa kuwa na raia wa kuwadhamini. Hawakuruhusiwa kumiliki ardhi wala nyumba, wala kupiga kura, lakini vita ikija walikwenda vitani. Asiyelipa kodi ile aliweza kuuzwa utumwani.

Hata hivyo, mji ule uliishi kwa mikono yao. Aristotle, mwalimu ambaye vyuo vikuu vinamsoma mpaka leo, alikuwa mgeni Athene. Alizaliwa Stagira, kaskazini, na shule yake aliifungua katika uwanja wa watu wote. Lysias, mwandishi wa hotuba za mahakamani, alikuwa mwana wa mgeni aliyetoka Siracusa, na familia yao ilikuwa na karakana ya ngao. Mwaka 404 K.K. watawala wabaya thelathini walipotaka fedha, waliwageukia wageni matajiri. Ndugu yake Lysias, Polemarchus, alilazimishwa kunywa sumu. Lysias akatoroka usiku. Alipigania kuirudisha serikali ya watu, na watu wakakubali kumpa uraia, lakini uamuzi ule ukafutwa.

6. Neno ambalo Petro aliliokota

Kulikuwa na neno lingine la Kiyunani kwa mtu anayeishi katika nchi isiyo yake: paroikos, anayekaa kando ya nyumba za wengine. Watafsiri wa Agano la Kale kwa Kiyunani walimwita hivyo Abrahamu aliponunua kaburi la Sara. Halikuwa neno la sifa. Lilikuwa kama neno la kwenye kadi.

Petro analichukua neno hilo katika waraka wake wa kwanza, 2:11, na kulivisha kanisa lote. Anawaambia Wakristo wa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia kwamba wote ni wageni na wapitaji. Mwenye shamba na asiye na shamba, raia na asiye raia, mbele za Mungu wote wanakaa kando, wakiungoja mji ulio imara. Kutoka neno hilo kukaja paroikia, maskani ya wageni, na kutoka hapo likaja neno tunalolisikia kila siku: parokia. Jirani zetu Wakatoliki wanapotaja parokia yao, wanasema bila kujua, "mahali wanapokaa wageni." Basi mtu akikudharau kwa kukuita mgeni, amekuita kwa jina la kanisa.

7. Leo kwako, kesho kwa mwenzako

Mgeni habaki mgeni siku zote, wala mwenyeji mwenyeji. Katikati ya karne ya kwanza, karibu na siku za Paulo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za bahari, nacho kinashuka pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka soko lililoitwa Rhapta. Anasema mabaharia Waarabu waliofanya biashara huko walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Hapo kuna funzo kwetu tunaoishi Kigali na bado tunaona uvivu kujifunza Kinyarwanda.

Na kuna habari ya karibu zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1941, Wajerumani waliikalia Ugiriki, njaa ikaua watu wengi. Familia kutoka visiwa kama Samos na Chios zilikimbia kwa mashua usiku mpaka Uturuki, na baadhi yao waliletwa Afrika, wakapokewa hata Kongo ya Wabelgiji mpaka vita ilipokwisha. Wajukuu wa Eumaeus walikuwa wakimbizi Kongo! Na miaka ya karibuni Wakongo wamevuka bahari hiyohiyo kutoka Uturuki kuelekea visiwa hivyohivyo, Samos, Chios na Lesbos, wakalala katika mahema. Mungu anageuza njia za watu, ili asiwepo hata mmoja wa kusema, "Mimi sitahitaji mlango wa mtu."

8. Tufanye nini?

Kwanza, chakula kitangulie. Familia mpya ikifika kanisani, swali la kwanza liwe, "Mmekula?" Mswahili alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakusema siku ya kwanza mpe mtihani.

Pili, jina liulizwe, lakini kwa wakati wake. Hata Alcinous aliuliza. Ni lazima mgeni ajulishwe kwa mkuu wa mudugudu, na aelekezwe kwenye ofisi ya kuandikishwa. Huko ni kumlinda yeye na nyumba yako. Lakini swali la kabila, lililotumika kwetu kutenganisha anayeishi na anayekufa, lisiwe mlangoni pa nyumba ya Mungu.

Tatu, tusitengane kwa muda wa kufika. Nimesikia baadhi yetu tuliokimbia tangu 1996 tukisema "hawa wapya" kama vile sisi tulizaliwa hapa. Waebrania 13 inaweka maneno mawili pamoja: filadelfia, upendo wa ndugu, na filoksenia, upendo wa mgeni. Makanisa yanayoitwa Filadelfia ni mengi. Sijaona bado linaloitwa Filoksenia. Tuanze sisi, hata bila kibao.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Nani alikupokea wa kwanza ulipokimbia? Alikuuliza nini kabla ya kukupa maji? Wasimulieni watoto.
2. Kwa nini Paulo hakukubali heshima ya watu wa Listra? Je, kuna heshima ambayo sisi tunaipokea kwa kusema uongo juu ya mateso yetu?
3. Soma Matendo 16:1. Katika nchi ileile alikopigwa mawe, Paulo alimpata nani? Hiyo inatufundisha nini juu ya kurudi mahali palipotuumiza?
4. Ni familia gani iliyofika mwaka huu ambayo bado haijaingia nyumbani kwako?

Yule mtu wa usiku wa mvua alikuja kuniambia jina lake asubuhi, baada ya chai, bila mimi kumwuliza. Alitoka upande ule ambao nilikuwa naogopa. Leo tunaomba pamoja kila Jumatano.

Sala: Bwana Yesu, uliyezaliwa safarini na kukimbizwa Misri ukiwa mtoto, utusamehe maswali yetu ya mlangoni. Utupe mikono inayofungua kabla ya kinywa. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.